Serikali Inapoingilia Kati, Nani Abebe Mzigo?

Kila dhiki ya uchumi inapolikumba taifa, huzuka mabishano yale yale. Wapo wasemao kwamba serikali ikae kando, soko lijirekebishe lenyewe. Wapo wadaio kwamba serikali ishike kila kitu, hata bei ya kiberiti. Sisi wa Tanzania tumekwisha kuonja yote mawili, tena katika muda usiozidi miaka kumi.

Wazee wetu wanakumbuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978, vilimeza fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa adimu, na akina mama walipanga foleni tangu alfajiri kwa kusikia tu kwamba lori limeonekana. Unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita yanga, ulilika kwa shukrani na kwa manung'uniko.

Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Tukiri kwamba wengi wetu tuliushangilia, maana bidhaa zilizofichwa zilionekana kweli. Lakini watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye, nayo ikarudishwa nyuma ili iwaguse waliokwisha kutiwa ndani. Dhiki ya taifa haimwondolei mtu haki ya kusikilizwa. Tena msako haukutengeneza sabuni, kwa kuwa viwanda vilikosa malighafi na vipuri. Rafu za maduka zilianza kujaa baada ya bajeti ya mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje.

Bajeti hiyo hiyo iliondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1986 ulifuata mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika mwaka huo dola moja ilipanda kutoka takribani shilingi 17 hadi 40. Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Uandikishaji wa shule za msingi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia asilimia 100, ulishuka hadi chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Tunaambiwa kwamba hapo serikali ilikuwa imejitoa. Hatukubali. Kuamua kwamba mtoto wa mkulima akose darasa ili hesabu za taifa zilingane ni kuingilia kati pia, ila mkono umeelekezwa kwa asiye na sauti. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, wanafunzi waliongezeka kutoka wapatao milioni 4.4 mwaka 2000 hadi kupita milioni 7 mwaka 2004. Watoto hao walikuwapo siku zote.

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi duniani, Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha kanuni ya auni: kile ambacho watu na vyama vyao wanaweza kukitenda wenyewe, mamlaka ya juu isiwanyang'anye. Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali kwamba kwa sababu nzito serikali yaweza kushika kwa muda kazi za wengine, mradi muda huo uwe mfupi kadiri iwezekanavyo. Sisi tulikuwa tumevunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Dhiki ilipofika, mkulima hakuwa na chombo chake cha kumtetea, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982.

Hayo si ya kale tu. Juni 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimepandisha bei, serikali yetu ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kwa ajili ya mafuta. Nauli na bei ya vyakula vinavyosafirishwa vilihitaji nafuu hiyo, hatubishi. Hata hivyo anayejaza tangi la gari lake kubwa alifaidi kwa kila lita, wakati bibi anayekwenda sokoni kwa miguu alingoja nafuu imfikie kupitia kwa mchuuzi.

Msaada unaolenga kaya zenyewe ni mgumu zaidi kuugawa, maana lazima mtu aandike majina. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, majina yalipelekwa mbele ya mkutano wa kijiji. Viongozi wa walei na Kamati za Haki na Amani wajiulize ni wangapi kati yao walihudhuria mkutano wa mwisho wa kijiji au mtaa wao, na kama mjane asiyejua kusoma alisomewa orodha kwa sauti kabla haijapitishwa.