Kahawa ya Mjini



Mwezi huu sina mas'ala ya kuwajibu, bali nina kosa langu mwenyewe la kuwasimulia. Huenda likawafaa wenye watoto walioondoka nyumbani kwenda kutafuta riziki mijini.

Yuko mzee mmoja, jirani yangu hapa Tanga, mvuvi ambaye sasa macho yake hayamruhusu tena kwenda baharini. Mwanawe alisoma chuoni kwangu. Kijana huyo alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi, na kila mwezi akawa akiwapelekea wazazi wake fedha za matumizi. Siku moja mzee akamwuliza kwa simu, "Kazi yako hasa ni kazi gani?" Kijana akajibu, "Mimi ni barista, baba." Mzee hakulifahamu neno hilo, akaja kuniuliza mimi. Nami, badala ya kusema sijui, nikajibu kwa haraka, "Neno hili lina baa ndani yake. Chumo hilo lina shaka; jihadhari nalo."

Mzee ni mcha Mungu. Tangu siku ile akakataa kupokea fedha za mwanawe. Miezi miwili ikapita, nyumba ile ikila kwa kukopa dukani, na mama wa kijana akilia kila alipoonana na mke wangu. Hapo nafsi yangu ikanisuta.

Basi nilipokwenda Dar es Salaam kununua juzuu za watoto, nilimaliza shughuli zangu Kariakoo, nikapita katikati ya pikipiki na mikokoteni, hata nikaifikia kazi ya kijana yule. Ni duka dogo lenye meza nne tu. Aliponiona akatoka mbio, akaushika mkono wangu akaubusu. "Shikamoo, Maalim." Nikamwitikia, nikamwambia kwamba nimekuja na maswali matatu.

La kwanza: "Humu mnauza nini?" Akasema, "Kahawa, chai, maziwa na keki. Kileo hakiingii humu." Akanieleza kuwa barista ni neno la Kiitalia, na siku hizi huitwa hivyo mtu afanyaye kazi ya kutengeneza kahawa.

La pili: "Kipimo chenu ni cha haki?" Hakunijibu kwa maneno. Alitwaa mfuko wa buni za Kilimanjaro, ulioandikwa jina la kijiji zilikotoka, akapima gramu 15 kwa mizani, akazisaga. Akautia unga katika chujio la karatasi, kisha akamimina maji ya moto kwa birika lenye mdomo mwembamba, kidogo kidogo, huku mizani ikihesabu mpaka gramu 250. Kikombe hicho bei yake ni shilingi 6,000, na mimi barazani kwetu hunywa kwa shilingi 200! Nikamwuliza, "Ukitia gramu 13, mnywaji atajua?" Akasema, "Hatajua. Lakini, Maalim, si wewe uliyenisomesha Suratul Mutaffifin?"

Sura hiyo, kama mjuavyo, huanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Kijana huyu alikuwa mzito wa kuhifadhi; ilimchukua majuma sita, nami nilimkasirikia si haba. Nikanyamaza, nikanywa. Haikuwa na tangawizi wala sukari. Mwanzo ilinijia na uchachu kama wa ukwaju, kisha ikaacha utamu kinywani.

La tatu: "Na swala?" Akainamisha kichwa. "Adhuhuri naipata. Alasiri, siku nyingine wateja hunizidi, nikaichelewesha." Nilimshukuru kwa kunena kweli, nikamwusia aombe kupokezana na mwenziwe kwa dakika chache. Akasema atamwendea mwenye duka siku ile ile.

Nikiwa katika basi la kurudi nikaikumbuka habari ya kahawa yenyewe. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Neno "qahwa" hapo kale lilikuwa mojawapo la majina ya mvinyo kwa Waarabu. Kinywaji kilipofika Makka, mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa masoko na adabu za mji, alikipiga marufuku. Lakini watawala wa Misri hawakukubali kukiharamisha kinywaji chenyewe. Walichokataza ni mikusanyiko yenye maovu. Wao walitenga kitu na ubaya unaoweza kukizunguka. Mimi sikutenga kitu, nililihukumu jina.

Sisemi kwamba kila jambo la duka lile lilinipendeza. Watu hukaa meza moja bila ya kusalimiana, kila mmoja na simu yake. Barazani kwetu, mgeni hapewi kikombe kabla hajaulizwa hali. Na atoaye shilingi 6,000 kwa kikombe, ilhali kwake watoto hawana chakula, huyo amefanya israfu. Lakini hayo ni ya mnywaji kujihesabia. Mkono upimao kwa haki chumo lake ni halali.

Nilifika Tanga usiku. Sikupita nyumbani kwangu kwanza. Nilibisha hodi kwa mzee, nikamwambia mbele ya mkewe, "Nilisema nisilolijua. Fedha za mwanao ni halali, zipokee." Mama akafunika uso kwa ukaya wake. Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Maalim, deni la dukani, basi, ni langu au ni lako?"

Nikaona ana haki. Nusu yake nimekwisha kuilipa, na iliyobaki nitailipa mwezi ujao, Inshaallah.

Basi, enyi wazazi, mtoto akikutajieni kazi yenye jina geni, msije kwetu sisi walimu kabla hamjamwuliza mwenyewe: mnauza nini, mnapima vipi, na swala mnaipata? Nasi walimu, tukiulizwa tusilolijua, tuseme hatujui. Neno hilo halina gharama. La kwangu lilikula akiba ya watu miezi miwili.

Wallahu aalamu.