Mwenye Kifafa na Mabenchi Yetu Matupu

Mtu akianguka kifafa kanisani wakati wa misa, tazama mabenchi yanayomzunguka. Hubaki matupu mara moja. Mama huvuta wanawe, wanakwaya husogea ukutani, naye mgonjwa huachwa sakafuni na povu lake. Misa ikiisha twasema, “Maskini, tumwombee.” Sala ni njema, lakini hapo tumekwisha kumdhulumu kwanza.

Nasema dhuluma kwa makusudi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate, wala povu, wala kwa kumgusa mgonjwa. Kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wenye kifafa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta watu waliotengwa hata katika chakula, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka penye mafiga, na waliokuwapo wakaogopa kuwashika. Kovu la namna hiyo halikuletwa na kifafa peke yake.

Kanisa nalo lisijitoe haraka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataja wenye kifafa pamoja na wendawazimu na waliopagawa na pepo, ikawazuia wasipewe daraja takatifu. Katika Sheria ya mwaka 1983 kifafa hakitajwi tena katika vizuizi hivyo. Kimefutwa kitabuni, lakini katika jumuiya zetu ndogo ndogo bado kimo. Ni wangapi kati yetu wamemwomba mwenye kifafa awe msimamizi wa ubatizo wa mtoto wao? Na kikombe chake cha chai, je, hakiwekwi kando?

Yule kijana wa Injili ya Marko, sura ya 9, aliyekuwa akianguka motoni na majini, Bwana hakumwogopa. Alimshika kwa mkono wake. (Wapo wanaoitumia habari hiyohiyo kumkataza mgonjwa dawa. Sikubaliani nao hata kidogo.)

Maana dawa ipo. Fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi watu 70 katika kila wagonjwa 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, wakitibiwa ipasavyo. Lakini vidonge humezwa kila siku, kwa miaka, na mtu aliyefichwa chumba cha nyuma kwa aibu haendi kliniki.

Basi akianguka mtu, ondoeni kilicho hatari karibu naye na mwekeeni kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Msimkandamize, wala msimtie kijiko mdomoni. Degedege likitulia, mlazeni ubavu, mkae naye mpaka azinduke. Likipita dakika 5, apelekwe hospitali.

Nanyi viongozi wa jumuiya, katika mkutano ujao msiulize ni nani anayemhurumia mgonjwa. Ulizeni ni nani atakayefuatana naye kliniki mwezi huu, na nani mwezi ujao. Nauli itoke katika mfuko wa jumuiya, kama inavyotoka tunapokwenda kuzika.