Nyuzi za Kufumia Kabla ya Kipupwe

Kipupwe huanza mwezi wa Juni, na baridi ya nchi za juu, kama Njombe na Lushoto, yajulikana. Basi mwenye kufuma na aanze Aprili, maana sweta la mtoto si kazi ya siku moja.

Kwanza, tazameni uzi. Wa sufu hutia joto hata ukipata unyevu, wala haushiki moto upesi. Wa akriliki ni rahisi, tena wafulika vyepesi; lakini ukishika moto huyeyuka na kugandama mwilini. Kwa hiyo mtoto aotaye moto jikoni na avae sufu. Ya akriliki na iwe ya kwendea shuleni.

Pili, nunueni uzi wote pamoja, wenye nambari moja ya rangi, sweta lisitoke na mabaka.

Tatu, ajifunzaye na aanze na kofia ya mtoto mchanga, isiyo na kamba za shingoni.

Sufu ifuliwe kwa maji baridi, ianikwe kivulini juu ya mkeka. Maji ya moto huisinyaza, na kazi ya miezi miwili hupotea kwa saa moja.

Haba na haba hujaza kibaba: safu chache kila jioni, na Juni itawakuta watoto wamevaa.