UCHAMBUZI: Wingi wa kasoro si mizani ya usalama wa mitambo ya viwandani

KILA Jumanne ya pili ya mwezi, kampuni ya Siemens ya Ujerumani hutoa taarifa kuhusu kasoro za kiusalama zilizogunduliwa katika bidhaa zake. Mara nyingi orodha hiyo huwa ndefu, na baadhi ya kasoro zenyewe huwa za kutisha.

Mnunuzi anayelinganisha kampuni zinazounda mitambo inayojiendesha anaweza kutazama orodha hiyo na kukata kauli kwamba Siemens ndiyo hatari zaidi. Kwa mantiki iyo hiyo, kampuni ambayo haijawahi kutangaza kasoro hata moja ndiyo itakayoonekana salama.

Uamuzi wa aina hiyo ni wa kupotosha, na gharama yake si ndogo. Bidhaa zinazozungumziwa hapa si simu za mkononi wala tarakilishi za ofisini. Ni vidhibiti vinavyofungua na kufunga valvu, kuwasha pampu za maji, kupima joto la matangi ya mafuta na kusambaza umeme. Vikivurugwa, watu hukosa maji na stima, na huenda hata wakapoteza maisha.

Kwa miaka mingi vidhibiti hivyo vilitengenezwa kwa imani kwamba aliyeweza kuvifikia alikuwa mhandisi aliyeruhusiwa kuingia kiwandani. Havikuuliza anayetoa amri ni nani. Viwanda vilipoanza kuunganishwa na mitandao ya ofisi na hatimaye intaneti, imani hiyo iligeuka kuwa mlango uliosahauliwa wazi.

Somo la Natanz

Ulimwengu ulizinduka mwaka 2010, pale virusi vilivyopewa jina la Stuxnet vilipogunduliwa. Virusi hivyo vililenga vidhibiti vya Siemens katika kituo cha Natanz nchini Iran, na inakadiriwa kwamba viliharibu takriban mashine 1,000 za kurutubisha madini ya urani. Huku mashine zikizungushwa kwa kasi isiyofaa, wahandisi waliokuwa zamu waliona kwenye viwambo vyao takwimu za kawaida.

Kilichoiaibisha Siemens zaidi ni kwamba programu yake ya kusimamia mitambo ilikuwa na neno la siri lililopachikwa humo na kampuni yenyewe. Wakati wa kizaazaa hicho wateja walishauriwa wasilibadilishe, kwani kufanya hivyo kungeweza kuvuruga shughuli za viwanda vyao.

Hapo ndipo Siemens ilipolazimika kubadilika. Leo ina kikosi maalum kinachopokea ripoti za watafiti na kutoa tahadhari kwa wateja. Februari 2018, jijini Munich, iliongoza kampuni kadhaa kutia saini mkataba wa kuimarisha usalama wa mitandao. Orodha ndefu ya kila mwezi ni tunda la mageuzi hayo, pamoja na ukweli kwamba kampuni hiyo inauza bidhaa za aina nyingi mno.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kampuni isiyotangaza kasoro yoyote huenda haijachunguzwa na mtu, au imechunguzwa na ikaamua kunyamaza. Kwa mnunuzi, kimya hicho hakina tofauti na mgonjwa anayejisifu kwamba hajawahi kupimwa.

Ufunguo mmoja, milango mingi

Mfano bora wa kulinganisha kampuni hizi ni kasoro mbili zinazofanana, moja ya Rockwell Automation ya Marekani na nyingine ya Siemens yenyewe.

Februari 2021 ilitangazwa kwamba ufunguo wa siri unaotumiwa na programu ya Rockwell kujitambulisha kwa vidhibiti vya Logix ungeweza kuchopolewa. Aliyeupata angeweza kujifanya mhandisi halali na kubadilisha maagizo ya mtambo. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 katika kipimo cha hatari kinachotumiwa kimataifa.

Rockwell haikuwa na kiraka cha kuziba mwanya huo moja kwa moja. Iliwashauri wateja kutenganisha mitandao yao, kutumia njia salama zaidi ya mawasiliano pale kifaa kinapoikubali, na kuweka swichi ya kidhibiti katika hali isiyoruhusu maagizo kubadilishwa kutoka mbali.

Oktoba 2022 ikawa zamu ya Siemens. Watafiti wa kampuni ya Claroty, ambao pia walikuwa miongoni mwa waliofichua kasoro ya Rockwell, walionyesha kwamba vidhibiti vya familia za S7-1200 na S7-1500 vilikuwa vikitegemea ufunguo mmoja wa pamoja. Aliyeuchopoa kutoka kifaa kimoja angeweza kuutumia dhidi ya vingine vya aina hiyo.

Siemens ilikuwa imekwisha kuandaa mfumo mpya unaokipa kila kifaa ufunguo wake, na ikawataka wateja wahamie huko. Kwa hivyo, ingawa kosa la usanifu lilikuwa la aina moja, mteja wa Siemens alikuwa na njia ya kuliondoa huku yule wa Rockwell akisalia kujenga ua kulizunguka.

Hata hivyo, ushindi huo wa Siemens una masharti. Mfumo mpya ulihitaji programu ya kidhibiti na ile ya mhandisi zibadilishwe zote mbili. Katika kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana, kusimamisha mitambo kwa ajili ya kazi hiyo ni hasara, na wasimamizi wengi huahirisha. Kiraka kilichotolewa na kiwanda kilichotibiwa ni mambo mawili tofauti.

Swichi iliyosahauliwa

Kisa cha Schneider Electric ya Ufaransa kinaonyesha upande mwingine wa suala hili. Mwaka 2017, wadukuzi walipenya kiwanda cha mafuta na kemikali nchini Saudi Arabia na kufikia vidhibiti vya Triconex, ambavyo kazi yake ni kuzima mitambo pindi hatari inapotokea. Programu waliyopenyeza baadaye iliitwa Triton.

Kushambulia kifaa cha aina hiyo ni sawa na kukata breki za gari kabla ya kulisukuma mteremkoni. Kwa bahati njema wadukuzi walikosea hesabu, vidhibiti vikagundua hitilafu na kuzima mitambo. Machi 2022 Marekani ilifichua mashtaka dhidi ya mtumishi wa taasisi ya utafiti ya serikali ya Urusi kuhusiana na shambulizi hilo.

Januari 2018 Schneider ilijitokeza hadharani mbele ya wataalamu na kueleza kwamba wadukuzi walitumia kasoro iliyokuwa katika toleo la zamani la bidhaa yake. Aghalabu kampuni huwaachia mawakili kujibu maswali ya aina hiyo, na uwazi huo uliisaidia kurejesha imani ya wateja.

Lakini uchunguzi ulibainisha jambo jingine. Swichi ya vidhibiti hivyo ilikuwa imeachwa katika hali inayoruhusu maagizo kubadilishwa. Kasoro ilikuwa ya mtengenezaji, na swichi ilikuwa mikononi mwa mwenye kiwanda. Bila mojawapo ya hayo mawili, kazi ya wadukuzi ingekuwa ngumu zaidi.

Neno la siri 1111

Wapo pia watengenezaji wadogo ambao majina yao husikika tu mambo yanapoharibika. Novemba 25, 2023, kituo cha kusukuma maji cha mji wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilivamiwa na kundi ambalo serikali ya Marekani ililihusisha na jeshi la walinzi wa mapinduzi la Iran. Wafanyakazi walilazimika kuendesha pampu kwa mikono.

Kidhibiti kilichovamiwa kilitengenezwa na Unitronics ya Israel. Kilikuwa kimeunganishwa moja kwa moja na intaneti, na uchunguzi wa Marekani ulieleza kwamba vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikiuzwa vikiwa na neno la siri la 1111. Siku chache baadaye wakazi wa nyumba zipatazo 180 katika Kaunti ya Mayo, Ireland, walikaa siku mbili bila maji kufuatia shambulizi kama hilo.

Unitronics ilitoa programu mpya inayomlazimisha mtumiaji kubadilisha neno la siri, lakini hayo yalifanyika mwezi Desemba, baada ya maji kumwagika. Hakuna ujuzi wa ajabu uliohitajika kuzuia aibu hiyo mapema. Ilitosha mtengenezaji kukataa kuuza kifaa ambacho mlango wake unafunguka kwa kubonyeza tarakimu moja mara nne.

Hata majabali ya sekta hii yanakiri kwamba wateja wao huacha vifaa uchi. Mei 2024 Rockwell iliwahimiza wateja kukagua mara moja na kuondoa kwenye intaneti vifaa vyote ambavyo havikuundwa kuunganishwa nayo.

Vyeti na nyumba za waganga

Wauzaji wengi hujibu maswali ya wanunuzi kwa kuonyesha vyeti. Kipimo kinachotambulika zaidi ni kiwango cha kimataifa cha IEC 62443. Sehemu yake moja hupima jinsi kampuni inavyounda bidhaa, nyingine hupima bidhaa yenyewe, na kinga hugawanywa katika ngazi nne, kuanzia ya kuzuia makosa ya kawaida hadi ya kukabili mahasimu wenye uwezo wa dola.

Vyeti hivyo vina manufaa, ila havitoshi. Juni 2022 kampuni ya Forescout ilichapisha uchunguzi ulioanika kasoro 56 katika vifaa vya watengenezaji 10, wakiwemo Emerson, Honeywell, Siemens, Omron na Yokogawa. Asilimia 74 ya familia za bidhaa zilizopatikana na kasoro zilikuwa na cheti cha usalama cha aina fulani.

Kwa hivyo, anayeonyeshwa cheti hana budi kuuliza kimetolewa kwa toleo gani la bidhaa, kwa ngazi ipi, na kama kinahusu kifaa chenyewe au utaratibu wa kukiunda tu.

Jambo jingine linalosahauliwa ni usalama wa kampuni zenyewe. Mganga hajigangi. Mei 2023 ABB, yenye makao yake nchini Uswisi, ilivamiwa na wahalifu wanaofunga mifumo na kudai kikombozi. Januari 2024 ikawa zamu ya kitengo kimoja cha Schneider Electric, na Novemba mwaka huo kampuni iyo hiyo ikakiri kuchunguza uvamizi mwingine katika mfumo wake wa kusimamia miradi.

Mashambulizi hayo hayakuthibitisha kwamba vidhibiti vya kampuni hizo ni dhaifu. Hata hivyo, mtengenezaji huhifadhi michoro ya viwanda vya wateja, programu na funguo za kuziidhinisha. Anayeingia chumbani mwake anaweza kupata njia ya kuwafikia wengi.

Ulaya yabadilisha mizani

Muungano wa Ulaya umeamua kutoliacha suala hili kwa hiari ya watengenezaji. Sheria yake kuhusu uthabiti wa bidhaa za kidijitali ilianza kutambulika Desemba 10, 2024. Kuanzia Septemba 11, 2026 inawataka watengenezaji kutoa tahadhari kwa mamlaka katika muda wa saa 24 baada ya kufahamu kwamba wadukuzi wanatumia kasoro iliyo katika bidhaa zao.

Masharti yake makuu yamepangiwa Desemba 11, 2027. Bidhaa zitahitajika kuuzwa zikiwa katika hali salama tangu mwanzo, na kupewa masahihisho ya kiusalama kwa kipindi ambacho kwa kawaida hakitapungua miaka mitano. Atakayekiuka masharti muhimu anaweza kutozwa faini ya hadi Euro 15 milioni au asilimia 2.5 ya mapato yake ya mwaka kote duniani.

Kwa wanunuzi, sheria hiyo inaleta nafuu kubwa. Kampuni zilizozoea kunyamaza zitalazimika kusema, na hapo ulinganisho utaanza kuwa wa haki kwa zile zilizokuwa zikijianika kwa hiari.

Kwa Kenya, suala hili si la mbali. Vidhibiti vinavyoendesha viwanda, maji na nguvu za umeme huagizwa kutoka ng'ambo, mara nyingi kupitia mwanakandarasi anayekabidhi mradi mzima. Sheria ya uhalifu wa tarakilishi ya mwaka 2018 inatambua mifumo muhimu ya taifa na kutoa nafasi ya kuikagua, lakini ukaguzi huja baada ya mitambo kununuliwa.

Uamuzi mzito hufanywa mapema zaidi, katika zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 humpendelea anayetaja bei ya chini miongoni mwa waliotimiza masharti. Ikiwa masharti hayo hayagusii usalama wa mitandao, kifaa chenye neno la siri la 1111 kitashindana sawa na kile kilicholindwa, na huenda kikashinda kwa sababu ya unafuu wake.

Maswali ya kuwekwa katika zabuni si mengi. Je, mtengenezaji hutangaza kasoro zake na huchukua muda gani kuzirekebisha? Je, kila kifaa kina ufunguo wake? Je, kinaweza kuwashwa kabla ya neno la siri kubadilishwa? Atakitunza kwa miaka mingapi, ikizingatiwa kwamba mitambo hudumu miaka 20 au zaidi? Na nani ataweka viraka mwanakandarasi atakapoondoka?

Kampuni yenye majibu ya maandishi kwa maswali hayo inastahili kupendelewa kuliko yenye orodha fupi ya kasoro. Naye mnunuzi asiyeuliza asidhani kwamba gharama ameikwepa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mifumo ya maji na umeme, ukuta huo hulipiwa na umma.