Mzigo Mwepesi, Safari Salama

Kutoka Mbeya hadi Lusaka, Zambia, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mpaka unavukwa Tunduma. Ukienda kwa pikipiki, utafunga mzigo gani?

Usifunge kila kitu. Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi. Pikipiki huyumba. Kona huwa ngumu. Hapo ndipo watu huumia.

Chukua nguo jozi mbili. Moja vaa, moja funga. Fua jioni. Chukua koti la mvua, pampu, tyubu, viraka na spana. Chakula na sabuni vinauzwa njiani.

Punda hubebeshwa uzito sawa pande zote mbili. Pikipiki ni vivyo hivyo. Spana ziweke chini, karibu na kiti. Kamba isining'inie, itanaswa na cheni.

Pasi, leseni, kadi ya pikipiki, bima na cheti cha chanjo ya homa ya manjano vitie katika mfuko wa nailoni. Uvae mfuko huo kifuani.

Siku moja kabla, funga mzigo wote uendeshe kilomita 10. Kilicholegea, kaza. Kisicho na kazi, acha nyumbani.