Fimbo ya Karibu na Mikono Midogo
Fimbo ya mbali haiui nyoka, walinena wahenga. Ndiyo hoja aliyoniandikia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkazi wa Texas, Marekani. Anakusudia kununua karabini itumiayo risasi za bastola, za milimita 9, ili alenge shabaha uwanjani na kuilinda nyumba yake usiku.

Hapa Kenya silaha ni kibali cha serikali, si haki ya kuzaliwa. Kule, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani ajilinde.

Kwa ufundi, hoja yake ina uzito. Silaha yenye kitako hutulia begani, teke lake ni dogo, na kulenga nayo ni rahisi kuliko bastola. Ruger PC Carbine, kwa mfano, yaweza hata kutumia magazini za Glock.

Lakini risasi hiyo hiyo hupenya kuta nyembamba za mbao na jasi, na chumba cha pili amelala mtoto. Kwa hiyo, naona swali si bunduki ipi, bali itawekwa wapi. Ikifichwa chini ya kitanda, i karibu na mikono midogo pia.

Nimemjibu hivi: tafuta kwanza sanduku la chuma lifungukalo upesi kwa namba uijuayo wewe, tambua ni ukuta upi usioelekea watoto, ndipo uchague bunduki. Asiyeyaweza hayo, heri mlango imara.