Mkoani: mji wa mpakani usio na geti la mpaka

Boti ya Unguja ikishafunga gatini Mkoani, pilika ni za muda mfupi tu. Wachukuzi wanagombania mizigo, makondakta wa gari za 603 wanaita "Chake! Chake!", bodaboda nao wanapenya katikati ya watu. Baada ya nusu saa bandari imetulia, utadhani hakujawa na kitu. Abiria wengi hawalali hapa. Wanapanda kilima na kwenda zao.

Kwa hiyo Mkoani inajulikana kama mji wa kupita. Una bandari, soko, hospitali ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, nyumba zilizobebana mlimani, na kisiwa cha Makoongwe kikiangalia mji kutoka ng'ambo ya maji. Basi.

Lakini chukua ramani. Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka bara, na kati yake na bara kuna mkondo wenye kina kirefu sana. Upande wa magharibi ni Tanga. Ukipanda kidogo kaskazini-magharibi unakutana na Vanga, Shimoni na Wasini, na hapo tayari uko Kenya. Mkoani ni mji wa mpakani, ila mpaka wenyewe uko baharini na hauna geti.

Mstari usioonekana

Mpaka wa bahari kati ya Tanzania na Kenya ulikubaliwa kwa barua ambazo serikali mbili zilibadilishana 1975 na 1976, kisha ukarefushwa kwa mkataba wa 2009. Pemba ndiyo iliyoamua mstari upite wapi. Bila kisiwa hiki, Kenya ingekuwa na bahari kubwa zaidi upande wa kusini.

Hata Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ilipoamua kesi ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, iliitazama Pemba wakati wa kupima namna eneo la bahari la Kenya linavyobanwa kati ya majirani wawili. Si jambo dogo kwa kisiwa ambacho Watanzania wengi hawajawahi kukanyaga.

Kwa mvuvi mstari huo ni habari ya wenye GPS. Yeye anafuata upepo na samaki. Wavuvi wa Pemba wana desturi ya kwenda dago: wanahama kwa wiki au miezi, wanapiga kambi pwani ya mbali, wanavua, wanauza, kisha wanarudi. Madago hayo yamefika Tanga, Mafia, Kwale, Kilifi mpaka Lamu. Waliokwenda hawakurudi wote. Wengine walioa huko, wengine walizaliwa huko, na wengine waliondoka Pemba baada ya mapinduzi ya 1964 na hawakuona sababu ya kurudi.

Watu wanaongezeka, sehemu yao inapungua

Sensa inatoa picha ambayo wengi hawaitarajii. Maneno ya barazani ni kwamba Pemba inahama, vijana wote wako Unguja, Dar au Uarabuni. Takwimu hazisemi hivyo moja kwa moja.

Mkoa wa Kusini Pemba, wenye wilaya mbili za Mkoani na Chake Chake, ulikuwa na watu 195,116 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 271,350. Hilo ni ongezeko la asilimia 39 kwa miaka kumi. Tanzania nzima, kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, iliongezeka kwa asilimia 37. Kwa maneno mengine, mkoa huu unaosemwa kuwa unahama umekua haraka kidogo kuliko nchi.

Na ardhi haikuongezeka. Kusini Pemba ina kilomita za mraba 332 tu. Watu waliokuwa 588 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 2012 wamefika 817. Wastani wa Tanzania nzima ni karibu 70. Kisiwa ni cha milima midogo na mabonde, mikarafuu juu, mpunga chini, mikoko ufukweni. Kila nyumba mpya inakula shamba la mtu. Ukisikia kesi za mipaka ya viwanja Pemba zimezidi, usishangae.

Sasa njoo upande wa pili wa hesabu. Pemba yote ilikuwa na watu 543,441 mwaka 2022 kati ya Wazanzibari 1,889,773. Hiyo ni asilimia 29. Mwaka 2012 ilikuwa asilimia 31, na 2002 ilikuwa karibu 37. Watu wanaongezeka, lakini Unguja inaongezeka zaidi. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka watu 593,678 hadi 893,169 katika miaka hiyo kumi, ongezeko la asilimia 50. Wengi wa waliouongeza walipita bandari ya Mkoani na begi mkononi.

Kwa nini hesabu hii ina uzito

Sababu ya kwanza ni kura. Pemba ilikuwa na majimbo 21 ya uchaguzi. Kabla ya uchaguzi wa 2005 yalipunguzwa hadi 18, na ni hayo 18 yaliyotumika hata 2020, kati ya majimbo 50 ya Zanzibar. Ukigawa majimbo kwa idadi ya watu peke yake, bila kuangalia kitu kingine, asilimia 29 ya 50 ni majimbo 14 au 15. Tume ya Uchaguzi huzingatia pia jiografia na mawasiliano, ndiyo maana 18 yamesimama. Lakini kila sensa ikipita, hoja ya kuyapunguza inapata nguvu, na kwa kisiwa chenye historia ya Pemba hilo si suala la hesabu tu.

Historia yenyewe haijapoa. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi walipozima kwa risasi maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000, watu waliuawa na zaidi ya 2,000 walikimbia kwa mashua. Walikwenda wapi? Shimoni, Kenya. Hawakuhitaji kuulizwa njia, ni ile ile ya dago. Wengi walirudi baada ya Muafaka wa Oktoba 2001, wachache walibaki, na baadhi yao walipitia kambi ya Dadaab.

Sababu ya pili ni namna sensa inavyohesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mvuvi aliyelala ng'ambo usiku ule hakuhesabiwa nyumbani kwao, hata kama mke, watoto na mikarafuu yake viko Kengeja au Kisiwa Panza. Kitakwimu ni utaratibu wa kawaida kabisa, hata nchi nyingine zinafanya hivyo. Ila kwa mji ambao maisha yake yamegawika pande mbili za maji, karatasi daima itaonyesha nusu ya ukoo.

Wapemba wa Kenya

Nusu ya pili kwa miaka mingi haikuwa na karatasi kabisa. Wapemba waliozaliwa Kwale na Kilifi walikuwa Wakenya kwa maisha, lakini si kwa sheria. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti, leseni ya uvuvi ni shida, na mtoto akimaliza skuli anakwama. Ukikutana na askari baharini unajieleza. Ukirudi Pemba unaonekana mgeni, huna cheti cha kuzaliwa cha huku wala kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa watu wa namna hii walikuwa karibu 7,000.

Julai 2023 Rais William Ruto alikwenda Kilifi akawakabidhi vitambulisho na vyeti, na Wapemba wakatambuliwa rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya. Wamakonde walitangulia 2016, Washona wakafuata.

Furaha ilikuwa ya haki. Lakini kuna bei ambayo haikuzungumzwa sana. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mpemba aliyechukua kitambulisho cha Kenya amechagua, hata kama hakuhisi kuwa anachagua kitu. Akija Mkoani kuzika baba yake, anakuja kama Mkenya. Shamba la urithi linakuwa na maswali mapya, na binamu aliyebaki akitaka kuyatumia vibaya maswali hayo, ataweza.

Upande wa Kenya nao haujalala. Ujenzi wa bandari ya uvuvi ulianza Shimoni. Samaki anayevuliwa kwenye mkondo wa Pemba atauzwa penye barafu, umeme na bei, na mvuvi wa Mkoani anajua kupiga hesabu hiyo bila kalamu. Kama anakoshusha samaki ni nchi nyingine, atatakiwa awe na karatasi. Habari za wavuvi kukamatwa upande wa pili si ngeni kwa familia za huku, na faini ya mashua moja inaweza kumaliza akiba ya msimu mzima.

Zanzibar nayo inauza maneno mapya, "uchumi wa buluu", na bahari ya Pemba imo ndani ya mpango huo. Kinachokosekana kwenye mazungumzo hayo ni kitu kidogo tu: utaratibu wa kumwezesha mvuvi wa dago kuvuka na kurudi kihalali, kama mkaazi wa Holili au Namanga anayevuka kwa miguu kwenda sokoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka vituo vya pamoja vya mpakani barabarani. Baharini, mwenye ngalawa bado anategemea bahati na lugha yake.

Sensa ya Kenya inayofuata inatarajiwa 2029, ya Tanzania 2032. Mtoto anayezaliwa leo Shimoni kwa mama wa Kipemba atahesabiwa kule, bila utata. Shangazi yake wa Makoongwe atahesabiwa huku. Na boti ya Unguja itafunga gatini kama kawaida, na abiria wengi hawatalala.